Mazoezi kwa Nidhamu ya Bruce Lee: Anza na Daftari

Wengi wetu tulimjua Bruce Lee kwenye vibanda vya video: kifua wazi, sauti kali, adui yuko chini. Vijana wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wamemwiga kwa miaka mingi, na mara nyingi wameanzia kwenye teke la juu. Mimi nataka uanzie mezani. Bruce Lee alikuwa mtu wa kalamu. Alipima, akaandika, akajaribu, akafuta, kisha akaandika tena. Mwili ule uliowashangaza watu ulipangwa kwenye karatasi kwanza, na hilo ndilo jambo ambalo mtu yeyote, hata asiye na gym wala mwalimu maarufu, anaweza kulichukua kwake.

Kwa ufupi, ili tujue tunamzungumzia nani: alizaliwa San Francisco tarehe 27 Novemba 1940, baba yake akiwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni, akakulia Hong Kong. Akiwa kijana alijifunza Wing Chun, mtindo mmoja wa kungfu, chini ya mwalimu Ip Man. Mwaka 1959 alirudi Marekani, akafundisha Seattle, Oakland na Los Angeles, na mwaka 1967 akaanza kuiita njia yake ya kupigana Jeet Kune Do. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32. Hakuwa jitu: urefu wake ulikuwa karibu sentimita 172 na uzito kilo sitini na ushei.

Utahitaji daftari la shule, kalamu, kamba ya kuruka, saa inayoonyesha sekunde, kioo, karatasi moja na uzi. Baadaye utahitaji mwenzako mnayeaminiana. Kama una tatizo la moyo, presha au mgongo, muone daktari kabla ya kuanza, umweleze waziwazi unachotaka kufanya.

Hatua ya 1: Andika unachokitaka

Januari 1969 Lee aliandika kwa mkono wake tamko fupi la lengo lake kuu maishani. Alisema atakuwa nyota wa kwanza mwenye asili ya Asia kulipwa zaidi Marekani. Aliweka muda: kuanzia 1970 hadi mwisho wa 1980. Alitaja fedha, dola milioni 10. Akataja pia atakachotoa ili kustahili hayo, yaani uigizaji wa kiwango cha juu kabisa, na akamalizia kwa kusema anataka kuishi kwa utulivu wa ndani na furaha. Wakati anaandika hayo hakuwa na kazi ya uhakika. Tamthilia ya televisheni iliyomtambulisha kwa Wamarekani ilikuwa imekatishwa mwaka 1967.

Watu hupenda kutaja zile dola. Mimi huiangalia zaidi ile sehemu ya atakachotoa, maana ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu anayeandika malengo. Andika lako kwa sentensi tatu: nini, kufikia lini, na utatoa nini kila wiki ili ulipate. Kwa mfano: "Nitaruka kamba raundi 6 za dakika 3 bila kusimama. Kufikia mwisho wa Desemba. Nitaamka saa kumi na moja alfajiri siku 4 kwa wiki, na siku hizo sitakesha na simu." Chagua jambo ambalo liko mikononi mwako. Kushinda pambano kunategemea pia mtu mwingine. Kuamka kunakutegemea wewe.

Bandika sentensi hizo ukurasa wa kwanza wa daftari. Usiwatangazie watu.

Hatua ya 2: Lipange daftari

Tabia ya kuandika haikumjia Lee ukubwani. Mwaka 1958, mwaka aliposhinda mashindano ya ngumi ya shule za Hong Kong, alikuwa pia bingwa wa kucheza cha-cha, na kwenye pochi yake alibeba orodha ya mitindo 108 ya hatua za dansi hiyo. Mwaka 1965 akiwa Hong Kong alikuwa na kadi ya gym inayoonyesha kila zoezi, uzito aliobeba, idadi ya seti na marudio. Shajara zake za mwaka 1968 zimejaa hesabu za ngumi, mazoezi ya tumbo na mbio, siku baada ya siku.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana kwa kila wiki. Ukurasa wa kushoto andika mpango, Jumapili jioni. Ukurasa wa kulia andika kilichotokea kweli, siku hiyohiyo, ikiwezekana jasho likiwa bado halijakauka. Kila siku iwe na mambo haya: saa uliyolala na kuamka, zoezi na idadi, mahali pa mwili palipouma, na kosa moja tu la kurekebisha kesho.

Moja tu, tafadhali. Anayeandika makosa saba hatarekebisha hata moja.

Maneno kama "leo nimefanya vizuri" hayana kazi humo. Andika "kuanzia ngumi ya 60 bega la kulia linapanda" au "raundi ya pili nilipumua kwa mdomo". Hayo unaweza kuyafanyia kazi. Programu za simu za kurekodi mazoezi zipo nyingi, lakini bado napendekeza karatasi, kwa sababu simu ikiwa mkononi utajibu ujumbe katikati ya seti.

Hatua ya 3: Tafuta pumzi kabla ya nguvu

Mwishoni mwa mwaka 1964, huko Oakland, Lee alipigana na mwalimu mwingine wa kungfu, Wong Jack Man. Mpaka leo pande mbili husimulia pigano hilo kwa namna tofauti, hata urefu wake hawakubaliani. Lakini kwa simulizi ya mkewe, Linda, Lee alitoka pale akiwa hajaridhika na nafsi yake, ingawa alihesabu ameshinda. Alihema kupita kiasi, na alichukua muda mrefu kummaliza mtu ambaye alidhani angemmaliza mara moja. Mwingine angesherehekea. Yeye alirudi nyumbani akaanza kuupanga upya mwili wake na hata mtindo wake wa kupigana.

Kwa hiyo anza na pumzi. Lee alikimbia kwa kubadilisha mwendo: taratibu kidogo, kisha kasi, kisha kurudi taratibu, mara nyingi akiwa na mbwa wake mkubwa aliyeitwa Bobo. Siku zingine aliruka kamba au kuendesha baiskeli ya mazoezi.

Kwa wiki mbili za kwanza, kimbia siku 3 kwa wiki, dakika 20. Dakika 3 ziwe za mwendo ambao unaweza kuzungumza, kisha dakika 1 ya kasi ambayo huwezi kuzungumza, na urudie hivyo hadi muda uishe. Siku 2 nyingine ruka kamba: raundi 3 za dakika 3, ukipumzika dakika 1 kati yake. Kuanzia wiki ya tatu ongeza dakika 2 za mbio kila wiki hadi ufike 30, na raundi moja ya kamba kila baada ya wiki mbili. Kama unaishi mahali penye joto la pwani, maliza kabla jua halijapanda.

Kipimo chako kiwe hiki: mara tu unapomaliza, shika mshipa wa shingoni au wa kifundo cha mkono, hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, andika. Kaa dakika moja, hesabu tena, andika. Tofauti kati ya namba hizo mbili ikizidi kukua wiki hadi wiki, moyo wako unajifunza kutulia haraka, na hilo ndilo lililomkosekana Lee siku ile ya Oakland.

Hatua ya 4: Jenga nguvu, ulinde mgongo

Mpango wake mmoja wa vyuma unaojulikana ulikuwa wa siku 3 kwa wiki na mazoezi machache, kila moja seti 2, marudio kati ya 6 na 12. Hakutafuta misuli mikubwa ya jukwaani. Alitaka nguvu itakayotumika kwenye ngumi na teke bila kumpunguzia kasi. Tumbo na mikono ya chini, kuanzia kiwiko hadi vidole, alivifanyia kazi karibu kila siku.

Bila vyuma, mzunguko huu unatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo: kuchuchumaa na kuinuka mara 15, pushapu 12, kujivuta juu kwenye mti au nondo imara mara 5, kuinua miguu ukiwa umelala chali mara 12, na kubana kitambaa kilicholowa maji ukikikamua hadi kikauke. Rudia mzunguko mara 2, baadaye mara 3. Achana na pushapu za vidole viwili alizoonyesha Long Beach, California, mwaka 1964. Ni matokeo ya miaka mingi, na vidole vyako utavihitaji kesho kazini.

Hapa nataka tusimame, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapoumia.

Agosti 1970 Lee aliweka chuma mabegani, chenye uzito unaokaribia uzito wake mwenyewe, akawa anainama kutoka kiunoni na kuinuka. Inasimuliwa kwamba siku hiyo hakuwa amepasha mwili vizuri. Mgongo wa chini uliumia, mshipa wa fahamu ukaguswa, na madaktari wakamwambia asitarajie kurusha teke tena. Alilazwa kitandani kwa miezi, na kupona kulichukua karibu nusu mwaka. Huyu ni mtu aliyeujua mwili wake kuliko wengi wetu tutakavyojua wetu, na zoezi moja lisilotanguliwa na maandalizi lilimfikisha huko.

Basi kupasha mwili si hiari. Dakika 10 kabla ya kila kipindi: tembea haraka au ruka kamba polepole dakika 4, zungusha shingo, mabega, nyonga, magoti na vifundo dakika 3, kisha fanya zoezi lenyewe bila uzito wowote mara 10. Liandike kwenye daftari kama unavyoandika mazoezi mengine. Siku ambayo mstari huo hauna kitu, usinyanyue kitu. Na zoezi la kuinama na chuma mabegani liache kabisa mpaka uwe na mkufunzi anayekusimamia kwa macho yake.

Alichofanya Lee kitandani kinastahili kuigwa zaidi ya ngumi zake. Alijaza madaftari. Aliandika juu ya umbali, muda, mkao, jinsi mwili unavyotoa nguvu, jinsi woga unavyoharibu uamuzi. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ilichapishwa mwaka 1975 baada ya kifo chake, na ndiyo inayowafundisha watu mpaka leo. Pia alichukua kadi yake ya biashara, akaandika nyuma yake maneno ya kujihimiza aendelee kutembea, akaiweka mahali anapoiona. Kwa hiyo ukiumia, daftari lisifungwe. Andika maumivu yako wapi, ni makali kiasi gani asubuhi na jioni, daktari amesema nini, na ni zoezi gani dogo bado unaruhusiwa. Mkono ukiwa kwenye bendeji, miguu bado inaweza kujifunza.

Hatua ya 5: Ngumi moja, hadi iwe yako

Ukiniuliza ni nini kiini cha ufundi wa Lee, nitataja ngumi moja: ile ya moja kwa moja ya mkono wa mbele. Aliiona kama uti wa mgongo wa kila kitu alichofundisha kuhusu kupiga. Itengee muda kuliko zote.

Simama upande, mkono na mguu wenye nguvu ukiwa mbele. Anayetumia mkono wa kulia aweke kulia mbele, kinyume na mabondia wengi. Sababu ya Lee ilikuwa rahisi: mkono ulio karibu na adui ndio utakaofanya kazi nyingi, kwa hiyo uwe ule wenye nguvu na ustadi zaidi. Magoti yalegee kidogo. Kisigino cha nyuma kiinuke kidogo kutoka chini. Kidevu kishuke, na mkono wa nyuma ulinde upande wa uso.

Ngumi iende wima, kidole gumba kikiwa juu, kama alivyoizoea kutoka Wing Chun. Ianze pale ilipo. Hapa ndipo kazi ilipo, maana karibu kila mtu huvuta mkono nyuma kidogo kabla ya kupiga, au hukunja uso, au hushusha bega, na adui anasoma barua kabla haijafika. Simama mbele ya kioo, piga polepole mara 20, na utazame kila kitu kinachosogea kabla ya ngumi. Kiandike. Kiondoe kimoja kwa wiki.

Kisha ongeza mguu. Mkono unatangulia, mguu wa mbele unafuata, na ngumi inafika kabla mguu haujakanyaga sawasawa. Wazo hilo la mkono kutangulia Lee alilitoa kwenye mchezo wa vitara, yaani wa panga nyembamba, mchezo ambao kaka yake Peter aliucheza na ambao yeye aliusoma kwa bidii kwenye vitabu. Ukiutanguliza mguu, uzito wote utabaki ardhini na ngumi itabaki na mkono peke yake.

Mkono uwe umelegea njia nzima. Kaza ngumi mwishoni tu, wakati wa kugusa, na urudi kwa njia ileile bila kuushusha mkono.

Ning'iniza karatasi kwa uzi, usawa wa kidevu chako. Lee alitumia karatasi namna hiyo, na ni kifaa kisichogharimu chochote. Karatasi haikupi upinzani, kwa hiyo huwezi kujidanganya kwa kusukuma. Ngumi yenye mkato hutoa mlio. Ngumi ya kusukuma huipeperusha tu. Anza na ngumi 50 kila mkono, siku 5 kwa wiki. Ongeza 25 kila wiki mpaka ufike 300. Ngumi zikianza kuharibika kwenye ya 180, simama hapohapo uandike 180. Marudio ya baada ya hapo yatakufundisha ubovu.

Begi la kupiga lije baada ya mwezi wa pili. Ukijitengenezea la gunia, lijaze nguo kuukuu. Mchanga huzama chini ukawa mgumu, na vifundo vya mikono ndivyo vinavyolipa. Funga mikono kwa bendeji kabla ya kupiga.

Na ile ngumi ya inchi moja? Aliionyesha hapohapo Long Beach mwaka 1964: mtu akarudi nyuma na kuangukia kiti kilichowekwa nyuma yake. Hakuna uchawi ndani yake. Mguu unasukuma ardhi, nyonga inageuka, bega linafuata, kiwiko kinanyooka, na vyote hivyo vinatokea kwa pamoja kwenye nafasi ndogo. Ukitaka kuielewa, piga karatasi yako ukiwa umbali wa kiganja, ukifikiria kisigino cha nyuma badala ya mkono. Usiijaribu kwenye kifua cha rafiki.

Hatua ya 6: Miguu na umbali

Mabondia walimvutia sana Lee kwa jinsi wanavyochezesha miguu. Alitazama filamu za mapigano ya Muhammad Ali, tena akizitazama kupitia kioo ili Ali aonekane ametanguliza upande wa kulia kama yeye.

Jifunze kusogea bila kuvuka miguu. Kwenda mbele, mguu wa mbele unaanza. Kurudi, wa nyuma unaanza. Upana kati yake haubadiliki. Fanya dakika 3 bila kupiga chochote. Halafu mwite mwenzako. Simameni umbali ambao hakuna anayeweza kumgusa mwenzake bila kupiga hatua. Yeye anaongoza, mbele, nyuma, kando, wewe unautunza umbali huo kwa dakika 3, kisha mnabadilishana.

Umbali ukikaa, ongezeni jambo moja. Mwenzako anapopiga hatua ili akuguse bega, wewe nyoosha mkono wa mbele, kiganja wazi, umguse kifuani kabla hajafika. Kumkatiza mtu akiwa bado njiani ndicho kitu ambacho Jeet Kune Do imepewa jina lake. Mwanzoni utachelewa kila mara kwa sababu utautazama mkono wake. Tazama kifua na mabega, na umwombe aanze polepole. Ngumi za kweli mziache mpaka muwe na glavu, kinga ya meno, kofia ya mazoezi na mtu mzima mwenye ujuzi wa kuwatazama.

Hatua ya 7: Punguza

Kwenye shule yake ya Los Angeles kulikuwa na kaburi dogo la mfano karibu na mlango. Maandishi yake yalimkumbuka mtu ambaye zamani alikuwa mwepesi, kisha akabanwa na kupotoshwa na mafundisho ya kikale. Mwaka 1970 Lee alizifunga shule zake, akihofia wanafunzi wataichukua mitaala yake kuwa ndiyo ukweli wenyewe. Fikiria uzito wa uamuzi huo: shule ilikuwa sehemu ya riziki yake.

Mwisho wa kila mwezi kaa na daftari, usome kurasa zote, na kwa kila zoezi ujiulize: namba zimesogea? Nimelitumia nikiwa na mwenzangu? Linafaa mwili wangu? Lee alikuwa na macho yasiyoona mbali vizuri, na Wing Chun, ambayo huwaweka watu karibu kiasi cha kugusana mikono, ilimfaa kwa sababu hiyo. Wewe una goti bovu, au mikono mirefu, au unafanya kazi ya kusimama kutwa. Daftari litakuonyesha kipi kinakujenga na kipi unakifanya kwa sababu kinapendeza machoni. Futa zoezi moja kwa mstari mmoja, uandike sababu kando yake.

Lakini nisieleweke vibaya. Wapo wanaomtumia Lee kama kisingizio: hawataki kujifunza mtindo wowote kwa sababu "Bruce alikataa mitindo". Alipunguza baada ya miaka ya Wing Chun, ya kusoma ngumi za Magharibi, ya kuchambua vitara, ya kupigana na kufundisha. Huwezi kutupa usichokuwa nacho. Ikiwa kuna klabu ya karate, judo, taekwondo au ngumi karibu nawe, jiunge, mtii mwalimu, msalimie kwa heshima inayostahili, na usifute chochote alichokufundisha kabla ya mwaka kupita. Maswali yaandike daftarini. Mengi yatajijibu.

Hatua ya 8: Soma, na uutulize moyo

Lee alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, na maktaba yake ilikuwa na vitabu zaidi ya 2,000: ngumi, vitara, mazoezi ya mwili, Utao, na maandishi ya wanafalsafa Krishnamurti na Alan Watts. Alisoma na kalamu mkononi, akipigia mistari na kuandika pembeni.

Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyokuwa mgumu akiwa kijana, akitaka kushinda kwa nguvu, mpaka Ip Man akamwambia aende nyumbani apumzike wiki nzima. Akiwa peke yake kwenye mashua, kwa hasira, aliyapiga maji ya bahari ngumi. Maji hayakuumia. Alijaribu kuyashika, yakamponyoka. Kutoka hapo maji yakawa mfano aliourudia maisha yake yote.

Kwenye mazoezi hilo linakuwa jambo la kufanya. Mara moja kwa wiki, cheza na mwenzako dakika 3 kwa mwendo wa taratibu sana, mkigusana kwa viganja. Mmoja wenu akiguswa, asikaze, asilipize. Aendelee kupumua kwa pua na kusogea. Mkimaliza, andika ni lini ulikasirika. Utashangaa jinsi hasira inavyorudi kwenye jambo lilelile, pengine kuguswa usoni, pengine kuchekwa na anayetazama. Kila wiki soma pia kurasa chache za kitabu chochote kinachohusu mwili au moyo wa mtu, na unakili mstari mmoja unaoweza kuujaribu kesho yake. Usioweza kuujaribu, uache kwanza.

Hatua ya 9: Panga mapumziko kama unavyopanga ngumi

Hapa Lee hatufai kuwa mfano, na nasema hivyo kwa upendo. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kazi juu ya kazi: kuigiza, kuongoza, kuandika na bado mazoezi, huku uzito ukipungua. Tarehe 10 Mei 1973 alianguka studio Hong Kong akiwa anaingiza sauti kwenye filamu, ndani ya chumba chenye joto ambamo kiyoyozi kilikuwa kimezimwa ili kisisikike. Madaktari walikuta ubongo umevimba, wakamwokoa. Miezi miwili na siku kumi baadaye uvimbe wa ubongo ulimuua. Sababu yake bado inabishaniwa, na sitaki kudai kwamba mazoezi ndiyo yaliyomuua. Ila mwili ulikuwa umetoa ishara, naye alirudi kazini.

Kwa hiyo siku 2 kwa wiki kwenye ukurasa wa kushoto ziandike "pumzika", na ukurasa wa kulia uandike kama kweli ulipumzika. Kila wiki ya nne punguza idadi zote kwa nusu. Kula chakula chako cha kawaida kwa kipimo, maharage, samaki, mayai, mboga, ugali, na usifanye mazoezi makali ukiwa umeshiba sana wala ukiwa umefunga bila maji. Kama umelala chini ya saa 6, fanya karatasi na kioo tu, acha mbio na uzito. Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla hujatoka kitandani, yahesabu kwa dakika nzima na uyaandike. Yakipanda kwa 10 au zaidi juu ya kawaida yako siku mbili mfululizo, ahirisha.

Na ukipatwa na kizunguzungu, kichwa kikali kisichoisha, kutapika au kuzimia, iwe mazoezini au baada yake, mwenzako akupeleke hospitali siku hiyohiyo. Daftari nalo uende nalo, maana daktari atakuuliza ulifanya nini, ulilala kiasi gani na maumivu yalianza lini, na majibu yote yamo humo.